Ukurasa wa Nne

14 Juni

Mdogo wangu, Bwana Mawingu,

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, wewe na wifi yangu, na kile kijukuu chenu ambacho bado sijakipakata. Mimi ni mzima. Magoti yanapiga kelele nikipanda ngazi, lakini ngazi zenyewe ni tatu, kwa hiyo tunavumiliana. Macho ndiyo yananitia wasiwasi. Jana nimehangaika kutia uzi kwenye shazia, sindano ya kushonea magodoro, ambayo kupitia tundu lake ungeweza kumchungulia jirani. Nikajicheka peke yangu.

Jirani mwenyewe, fundi saa, anakusalimu sana. Bado ana saa ishirini na kitu ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Ukimuuliza saa ngapi anakuuliza, “Kwa ajili ya nini?”

Wiki iliyopita nimeletewa barua kutoka ofisi ya mji. Haina hujambo wala habari za siku nyingi. Mstari wa kwanza tu: unaarifiwa kwamba ukuta wa bahari ulio nyuma ya nyumba yako una nyufa. Baba angeirudisha hiyo barua kwa mwenyewe. Unakumbuka alivyotufundisha? Jambo zito linakaa nyuma kabisa, mtu akishasalimiwa, akacheka kidogo, akatulia. Ndivyo alivyotuandikia miaka yote alipokuwa mpishi wa meli, na ndivyo tunavyoandikiana mimi na wewe mpaka leo.

Na Mama naye alikuwa na mtindo wake. Ukurasa mmoja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, basi. Zilizobaki anazifungia kwenye droo ya cherehani asije mtu akaila kesho yetu. Kuna barua moja ya Baba ilitufikisha siku tisa. Wewe ulikuwa unakaa sakafuni umekumbatia mguu wa cherehani, unalia kuomba wa pili, na Mama anakwambia Baba kesho atakuwa bado anaongea.

Hizo nyufa nimeziona. Zilikuwepo tangu tukiwa watoto, tukificha humo vijiti vyetu vya kuhesabia. Sioni la ajabu.

Andika mapema. Posta siku hizi ni siku tatu tu, treni ikijiheshimu. Si kama ule mwaka barua yangu ilipochelewa, Baba akazikwa hujafika. Lakini hayo tuyaache.

Dada yako


2 Julai

Dada Mkubwa, shikamoo.

Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema lile godoro ulilomshonea haruhusu mtu kulikalia, hata mimi nikivua viatu nasubiri kibali. Mjukuu ana kilo zake za kutosha na sauti yako kabisa. Akitaka kitu mtaa mzima unajua.

Naandika kwa herufi kubwa, ukurasa wa karatasi ndogo, na kila ukurasa nautia namba juu, kwa sababu ya macho yako na kwa sababu ya ofisi. Miaka thelathini ya kuchora ramani za hali ya hewa inamharibu mtu. Hata orodha ya sokoni naitia tarehe na saa. Desemba nastaafu, na wifi yako ameshaanza kuuliza nitakuwa nakaa wapi mchana.

Barua yako imenirudisha mbali. Nimekumbuka harufu ya sufi mpya pale chumba cha mbele, na sisi wawili tukijirusha juu ya godoro ambalo halijashonwa, Mama anakuja na upawa. Nilikuwa nadhani watoto wote duniani hulala juu ya kazi za watu. Nilipofika chuoni wakanipa godoro gumu kama mlango nikalia, nikasingizia mafua.

Kuhusu posta ya zamani sina la kusema.

Sasa nije kwenye lile la nyuma. Mimi nachora ramani tu, sitabiri. Anayetabiri ni mkuu wa ofisi, na sahihi ni yake. Lakini bahari yenu mwaka huu ina joto nisilopata kuliandika tangu nianze kazi, na bahari ikipata joto hivyo huzaa dhoruba kali mwishoni mwa mwaka. Barua ya ofisi ya mji haina adabu, ila haina uongo. Njoo ukae nasi. Chumba kipo, kina dirisha linalotazama mti mzuri, na wifi yako ndiye aliyelisema hili kabla yangu.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za huko? Hapa hatujambo. Nimechelewa kukujibu na usinune. Shule ya bweni, ile ya kule juu kilimani, imeniagiza magodoro arobaini. Arobaini, na mikono ni hii miwili unayoijua. Nimefika kumi na tisa. Chumba cha mbele hakipitiki. Fundi saa akitaka kuja kunisalimia anaongea kutoka dirishani.

Mshukuru sana wifi yangu. Namjua, hakusema kwa kujikombakomba. Lakini umeniandikia kuhusu dirisha linalotazama mti. Mti hauendi wala haurudi, nitakuwa nautazama nikingoja nini? Mimi nimezoea kitu kinachokwenda na kurudi. Hata Baba alikuwa hivyo.

Na nikitoka humu nani atajua mahali Mama alipokuwa anaweka kiti chake? Sakafu imebonyea pale pale kwa miguu minne. Mtu mwingine akiingia ataona shimo, ataliziba. Chumba cha Baba nakifagia kila Ijumaa. Kuna maneno nilimwambia humo ambayo sijamwambia mtu, na sioni kwa nini niyapandishe treni uzee huu.

Kwa hiyo hapana, ndugu yangu. Nimekataa kwa upendo. Usiniandikie tena habari za joto la bahari, niandikie za watu.

Dada yako


3 Oktoba

(ukurasa wa 1)

Dada Mkubwa, shikamoo. Hujambo na magoti? Arobaini umeyamaliza? Wifi yako, binti yetu na mjukuu wote hawajambo. Mjukuu amepata jino moja na amelitumia kwenye kidole changu cha kushikia kalamu, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue nani wa kulaumiwa.

(ukurasa wa 2)

Umesema nikuandikie za watu. Haya. Jana nilimkumbuka Baba anavyorudi likizo. Siku ya kwanza alikuwa anapika chakula cha watu hamsini kwa sababu ndicho kipimo alichokijua, tunakula sisi, inakula mitaa mitatu, na bado sufuria haijafika nusu. Mama anamwambia, “Mwenzangu, meli iko huko, hapa ni nyumbani.” Yeye anajibu, “Usinihesabie wageni kabla hawajaja.” Na walikuwa wanakuja kweli.

(ukurasa wa 3)

Wewe ulikuwa unanibeba mgongoni kuwapelekea majirani bakuli, mimi nimeshika kifuniko. Ulinidondosha mara moja tu na ukanihonga nisiseme. Sikusema. Mpaka leo Mama hajui, Mungu amrehemu, kovu la kidevu alidhani ni la mlango. Sasa dada, nataka unisikilize vizuri, kwa sababu

(ukurasa wa 4)

kuna dhoruba baharini. Redio itakwambia inapita mbali kwenda mashariki, na hivyo ndivyo mkuu wangu alivyotia sahihi. Mimi nimeichora kwa mkono wangu siku tatu mfululizo na kila siku imesogea kaskazini. Nilimwambia, akaniambia kazi yangu ni wino. Kwa hesabu zangu itapiga pwani yenu tarehe tisa asubuhi, na ukuta ule hautaizuia. Toka kabla ya hapo. Panda kilimani shuleni, au panda treni uje. Waambie na fundi saa na majirani. Sema umeota, sema goti limekwambia, ila usinitaje. Kutoa utabiri nje ya ofisi ni kufukuzwa, nami nimebakiza miezi miwili. Ndiyo maana sikutuma telegramu, inasomwa na watu wengi njiani. Barua itakufikia tarehe sita, muda upo wa kutosha.

(ukurasa wa 5)

Usinikasirikie. Nimekuandikia za watu kurasa tatu nzima kabla ya kukuandikia za bahari. Wifi yako ameshatandika kitanda.

Mdogo wako


7 Oktoba

Mdogo wangu mtamu,

Barua yako imeingia jana, nene, imeshiba. Nimefurahi mpaka nikamwonyesha fundi saa bahasha kwa nje tu. Nakuandikia papo hapo kwa sababu leo umenichekesha sana na nilitaka ujue.

Jana nimekula ukurasa wa kwanza, huyo mjukuu na jino lake. Leo baada ya chakula nimesoma wa pili, habari za Baba na sufuria ya watu hamsini. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimesahau kabisa ile “usinihesabie wageni”. Zilizobaki nimezifungia kwenye droo ya cherehani, palepale pa Mama. Nilianza mtindo huu nilipobaki peke yangu. Usinicheke. Nyumba yenye mtu mmoja inahitaji mtu wa kumngojea kesho.

Kesho wa tatu, keshokutwa wa nne. Sichungulii. Najua nyuma huko utakuwa umenipangia tena safari ya treni, lakini mpaka nifike huko nitakuwa nimeshakusamehe.

Bahari imechafuka kidogo. Redio inasema inapita mashariki. Nimebakiza magodoro matatu.

Dada yako anayekupenda


11 Oktoba

Dada,

Kama uko hai niambie. Mpe mtu yeyote aniandikie neno moja.

Barua yako ya tarehe saba imenifikia jana mchana. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto: sita, wa kwanza. Saba, wa pili. Nane, wa tatu. Tisa, baada ya chakula cha mchana, wa nne, ule uliokwambia utoke kabla ya siku hiyo na uwaambie majirani umeota au goti limekwambia. Bahari imeingia mjini kwenu tarehe tisa saa nne asubuhi.

Mkuu, yuleyule aliyeniambia kazi yangu ni wino, alibadilisha utabiri wake usiku wa kuamkia siku ile, wakati hauna faida tena. Nimetuma telegramu tatu, safari hii kwa jina langu na cheo changu, wanifukuze. Zote zimerudi. Waya umekatika, reli imekatika. Redio inasema mtaa wa nyuma ya ukuta “umeathirika”. Nimeandika neno hilo mara nyingi ofisini na sikuwahi kujiuliza lina maana gani. Barua hii naipeleka kwenye anwani ya nyumba ambayo sijui kama ipo.

Ningeliandika jambo lile ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza. Karatasi ileile, wino uleule. Lakini niliona nikuamkie kwanza, nikuchekeshe kwanza, nisije nikakushtua. Na sikujua kama unasoma hivyo, dada. Nilidhani mtindo ule alikufa nao Mama.

Uongo. Ningepaswa kujua kuliko mtu yeyote, na sasa nitakwambia kwa nini, hata kama unayesoma si wewe.

Ule mwaka wa Baba, barua yako haikuchelewa. Ilinifikia chuoni kwa wakati. Nilikuwa na upweke ambao sikumwambia mtu, na barua zako nilikuwa nazisoma kama Mama, ukurasa mmoja kwa siku, nimekaa kwenye kile kitanda kigumu. Siku nne nilisoma habari za paka na za mvua na za wateja wako huku Baba anamalizika. Siku ya tano nikafungua ukurasa wa tano, ulioandikwa Baba yu hoi, njoo. Nilikimbia mpaka kituo cha treni bila kufunga viatu. Nilipofika kaburi lina siku mbili. Mjomba akaniuliza mbele ya watu, “Barua hukuipata?” Nikasema posta imechelewa. Nimesema hivyo miaka thelathini na moja. Nilikuona ukimsimanga postamasta dirishani kwake kwa ajili yangu, na nikakuacha.

Sasa nimekufanyia wewe kile kile. Sijui nitaishi nacho vipi.

Mdogo wako


2 Novemba

Ninakuja. Treni imeanza tena, nitapanda ya Alhamisi, nitafika huko Jumamosi mchana. Mimi ni mzima, nina jeraha dogo mguuni ambalo limeshakauka, na fundi saa yu hai. Nimeyatanguliza haya kwa sababu yako. Sasa kaa chini.

Barua yako ilizunguka sana kunitafuta. Imenifikia juzi hapa shuleni, nikiwa kwenye foleni ya blanketi. Nimeisoma yote kwa mara moja, nimesimama, watu wananisukuma.

Siku ile tarehe tisa niliondoka nyumbani saa mbili asubuhi. Wala si kwa akili yoyote. Nilikuwa nimemaliza yale magodoro matatu ya mwisho na mvua ilianza kunyesha, nikaona bora niyawahishe kabla hayajalowa, maana shule ilikuwa inanisumbua. Fundi saa akanisukumia mkokoteni, analalamika njia nzima kwamba anachelewa, sijui anachelewa wapi. Tulipofika juu upepo ukatukataza kurudi. Tuliiona bahari ikipanda juu ya ukuta tukiwa dirishani, kwa utulivu tu, kama mtu anayejua nyumba. Siku ile na nyingine nyingi nimelala kwenye godoro nililolishona mwenyewe. Nimegundua nilikuwa nabana sana kwenye pembe. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyeniambia.

Wengine kumi na mmoja wa mtaa wetu hawakupanda kilimani. Majina yao nitakutajia nikifika. Siwezi kuyaandika.

Nyumba haipo. Ukuta wa chumba cha mbele umesimama peke yake. Cherehani imeondoka na droo yake, kwa hiyo ukurasa wa nne sijausoma mpaka leo. Wa tatu niliusoma. Uliishia “kwa sababu”, nikasema, haya, Bwana Mawingu ameanza na joto lake, nikafunga droo kwa nguvu. Nataka ulijue hili: hata ningeusoma, sina hakika kama ningeondoka. Ningesema redio imesema mashariki. Ningekuona unanitishia ili nije kutazama mti. Na wale jirani zetu, ningewaambia goti langu limeota, wangenicheka. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, mwingine ni wangu, na mwingine ni wa huyo bwana aliyekwambia kazi yako ni wino.

Sasa la posta.

Nilijua. Siku ulipofika nilichukua koti lako nikalifue, limejaa masizi ya treni. Barua yangu ilikuwa mfukoni. Muhuri wa posta ya chuoni kwenu ulikuwa wazi kabisa, tarehe inasomeka. Nilikaa nayo bombani mpaka maji yakafurika. Halafu nikaikausha nikairudisha mahali pake, na nilipokusikia unasema posta, nikaenda kumtukana yule mzee wa watu dirishani kwake. Masikini, alipokufa nilimshonea mjane wake godoro zuri.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nami nilijua unavyosoma. Uliwahi kuniandikia, mwaka wako wa kwanza, kwamba unanisoma kidogo kidogo. Nililijua hilo nikashika kalamu, nikaanza na paka. Nilishindwa kuandika kwamba Baba anakufa pale juu, chini ya tarehe. Niliogopa nikiliandika pale litakuwa kweli. Nikalisogeza nyuma, na kila nilipomaliza ukurasa nikalisogeza tena. Tungeambiana hilo siku ileile, mimi na wewe, tungelia yakaisha. Badala yake tumeandikiana adabu miaka thelathini na moja.

Na kuna yale maneno ya chumbani kwa Baba. Nilitaka kuyaacha humo, lakini chumba hakipo tena na mimi ninayo bado.

Siku yake ya mwisho, mchana, alifungua macho akauliza, “Mdogo wako amefika?” Alikuwa ameuliza hivyo tangu asubuhi, na kila mara nilimwambia bado. Sasa nikaona hatauliza tena mara nyingi. Nikamwambia, “Amefika, Baba. Yuko uani ananawa miguu, ana vumbi la safari.” Akatulia. Akasikiliza kama anasikia maji. Kisha akasema, “Mwache anawe vizuri. Ametoka mbali, asikimbizwe.” Akageukia ukutani akalala, na hakuamka.

Nilimdanganya Baba kwenye pumzi yake ya mwisho, na nimeona haya kumwambia mtu, na wewe kuliko wote, kwa sababu uani hapakuwa na mtu. Lakini alikufa anakungoja umalize kunawa, mdogo wangu, si anakungoja ufike. Kwake ulikuwa umeshafika.

Dada yako